Tupeane uzoefu: Kiungio cha trela cha kubebea baiskeli, ulikichaguaje?

Gurudumu Mbili
Wanajamvi, leo nimekuwa nyuma ya gari lililobeba baiskeli nne kwenye keria iliyoyumba kila lilipopanda tuta, nikakumbuka nilivyohangaika kuchagua kiungio cha gari langu dogo, yaani kile chuma kinachofungwa nyuma ya gari ili kishike trela au keria. Muuzaji alinitajia namba moja tu, ile ya uzito wa trela, ilhali mimi sina trela. Kwa mbeba baiskeli, namba inayohusika ni ya uzito unaokandamiza kiungio kwenda chini. Kiungio cha daraja la 1 katika mfumo wa Marekani huvuta hadi kilo 907, lakini mzigo wake wa kukandamiza hauzidi kilo 91. Naomba tupeane uzoefu: ulichagua kipi, na kwa sababu gani?

Mama wa Mapacha
Umesema kweli kabisa. Nami nilitajiwa hiyohiyo ya kuvuta.

Fremu ya Chuma
Hata hizo kilo 91 zisimdanganye mtu. Nyumbani tuna baiskeli mbili za umeme, kila moja karibu kilo 25, na keria inayozibeba kwa kushika magurudumu ina kilo 20 na ushee, kwa hiyo jumla ni zaidi ya kilo 70. Kwa hesabu ya karatasi inatosha. Lakini baiskeli haikai juu ya tundu la kiungio, pale keria inapochomekwa. Inakaa nyuma yake, na kila sentimita ya umbali huo huongeza nguvu ya wenzo, hasa gari linaporuka kwenye barabara mbovu. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji hupunguza kiwango mtu anapobeba keria badala ya trela, na ukiongeza chuma cha kurefusha, mara nyingi kiwango kinashuka hadi nusu. Nilichagua tundu la mraba la inchi 2, nami sijutii.

Mpanda Milima
Ndugu Fremu, unawatisha watu bure. Kwa baiskeli mbili za kawaida, tundu la inchi 1¼ linatosha, chuma chake ni chepesi, na hakishuki sana chini ya bampa. Gari dogo halihitaji mzigo wa lori.

Fremu ya Chuma
Sijamtisha mtu. Anayenunua cha inchi 1¼ leo, kisha akataka keria ya baiskeli nne kesho, atakuta nyingi zimetengenezwa kwa inchi 2 pekee. Atatafuta kipande cha kuunganishia, nacho kitausukuma mzigo nyuma zaidi.

Mpanda Milima
Na gari lenyewe? Kitabu cha gari kikisema mwisho kilo 75, tundu la inchi 2 halitaibadilisha namba hiyo.

Fremu ya Chuma
Hapo tunakubaliana. Kati ya kiwango cha gari, cha kiungio na cha keria, kilicho kidogo kuliko vyote ndicho kinachotawala.

Dada Pedali
Nimesita kuandika, lakini mada hii imenigusa. Tulinunua gari lililokwishatumika, likiwa na kiungio tayari, na aliyetuuzia alituhakikishia kwamba kilifungwa na fundi. Siku moja tulibeba baiskeli tatu, watoto wamekaa kiti cha nyuma, tukiwa kwenye mteremko mrefu. Nilisikia mlio kama wa bati linalochanwa. Mume wangu akatazama kioo akaniambia kwamba baiskeli zimelala upande. Kabla hajamaliza kusema, upande mmoja wa kiungio uling'oka, keria ikaanguka na kuburutika kwenye lami huku cheche zikiruka, na nyuma yetu kulikuwa na lori. Mikanda tuliyokuwa tumeifunga kutoka kwenye keria hadi ndani ya gari ndiyo iliyozuia mzigo wote usiachie. Dereva wa lori aliona mapema, akapunguza mwendo, akawasha taa za tahadhari, akatukinga mpaka tuliposimama pembeni. Hakuna aliyeumia. Fundi mwingine alipolala chini ya gari alituonyesha kwamba chuma kilikuwa kimechomelewa kwenye bati jembamba la sehemu ya tairi la akiba, si kwenye mihimili ya chasi, na chini ya rangi mpya kulikuwa na kutu tupu.

Mama wa Mapacha
Pole sana, dada yangu. Mungu aliwalinda.

Bomba la Moshi
Pole mno. Watoto walipanda gari tena bila hofu?

Dada Pedali
Yule mdogo alichukua muda. Hadi leo anageuka kutazama nyuma.

Fundi Spana
Poleni, mama. Ila naomba uchomeleaji usilaumiwe wote. Ukifanywa kwenye chuma kinene na mtu mwenye ujuzi, hushika vizuri.

Mpanda Milima
Fundi, kwa heshima, mimi nakataa. Magari mengi yana matundu ya bolti kwenye chasi, na kiungio kilichotengenezwa kwa ajili ya modeli hiyo hufungwa hapo bila moto. Kwa nini tuchomelee?

Fundi Spana
Kwa modeli zenye matundu hayo, fungeni kwa bolti, mkaze kwa spana ya kupimia kama maelekezo yanavyosema, kisha mkague tena baada ya safari ya kwanza. Kwa hilo sina ubishi.

Gurudumu Mbili
Tumshukuru dada kwa ushuhuda, kisha turudi kwenye uchaguzi. Wenye tufe, ile ncha ya chuma ya mviringo, badala ya tundu wanasemaje?

Tufe la Nyuma
Mfumo wa Ulaya una tufe la milimita 50, na keria hulibana kwa juu. Angalieni uzito wa kukandamiza tufe, ambao kwa magari mengi ni kati ya kilo 50 na 100. Mimi huliondoa tufe nikimaliza safari.

Mama wa Mapacha
Mimi sikiondoi chuma kinachoingia kwenye tundu, kwa sababu kukifunga na kukifungua ndiko kunakoleta uzembe wa kusahau pini inayokishikilia. Kwa inchi 2, pini iwe ya milimita 16, na kile kibanio chake kikaguliwe kila mnapoondoka.

Bomba la Moshi
Tazameni pia moshi unatokea upande gani, kwa kuwa joto lake huharibu tairi la baiskeli lililo karibu. Na kama mzigo unaziba taa au kibao cha namba, tafuteni ubao wenye taa na namba ya ziada. Hapo soketi ya umeme inahitajika, kwa hiyo iagizeni pamoja na kiungio.

Mpanda Milima
Na wenye fremu za kaboni wachague keria inayoshika magurudumu, wasiibane fremu.

Fremu ya Chuma
Kwa mara ya pili leo, nakubaliana na Mpanda Milima.