Madiwani wa Ferguson walijua kila senti, leo mnatuambia ni "askari wachache"

Wakuu, mods naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa maisha ya Marekani, utamezwa na stori za viza na mishahara.

Nimekuja na hasira, lugha mtanisamehe. Juzi kuna mdau kaandika humu kwamba polisi wa Marekani wakikosea "mfumo unajirekebisha wenyewe", mfano akatoa Ferguson. Kijana mweusi Michael Brown kauawa na askari wa mji huo tarehe 9 Agosti 2014, Wizara ya Sheria ya Marekani ikaingia, askari wachache wabaya wakaonekana, baraza la mji likafanya mageuzi, kwisha habari. Akapigiwa makofi kibao. Sasa mimi naishi kaunti ya St. Louis, jimbo la Missouri, Ferguson imo humu humu, naikatiza nikienda kazini. Hakuna kilichojirekebisha pale. Mji ulikokotwa kama mbuzi anayekwenda mnadani, na waliokuwa wamekaza miguu ni hao hao madiwani mnaowasifia.

Ferguson ni kamji. Wakati ule kalikuwa na watu kama 21,000, weusi wakiwa kama 67 kwa kila 100. Lakini kana meya wake, madiwani wake, mahakama yake na wakati ule askari 54, weusi wakiwa wanne. Mtendaji mkuu ni mkurugenzi wa mji, kama mkurugenzi wa halmashauri kwetu, anayefanya kazi chini ya baraza. Huyo mkurugenzi, mweka hazina na mkuu wa polisi walikuwa wanaandikiana kuhusu tiketi za faini kama wenye duka wanavyojadili mauzo ya mwisho wa mwezi. Machi 2010 mweka hazina anamwonya mkuu wa polisi kuwa uandikaji wa tiketi usipopanda sana kabla mwaka haujaisha, mwakani makusanyo yatasuasua. Mwaka uliofuata mkuu wa polisi anatoa taarifa kwamba Februari peke yake mahakama imekusanya dola 179,862.50, haijapata kutokea miaka minne. Mkurugenzi kajibu neno moja tu, la kushangilia. Yote haya yamo kwenye ripoti ya Wizara ya Sheria ya Machi 2015, someni.

Bajeti ya 2010 ilikuwa na dola milioni 1.38 za faini. Ya 2015 wakaweka makadirio ya milioni 3.09, kwenye mapato ya milioni 13.26. Karibu robo ya mfuko wa mji inatoka kwenye mifuko ya madereva na watembea kwa miguu! Na bajeti hupitishwa na nani? Na madiwani. Kwa hiyo msiniambie hawakujua.

Na kuna mmoja alijaribu, nampa haki yake. Mwaka 2012 diwani huyo alimwandikia mkurugenzi kwamba hakimu wa mji asirudishwe kwa muhula mwingine: hasikilizi ushahidi, hasomi mafaili, mashahidi wengine hawaruhusu waseme kabla hajatoa hukumu. Mahali penye akili timamu hapo kikao kinasimama. Mkurugenzi akajibu kwamba mji hauwezi kumudu kupunguza ufanisi wa mahakama wala kuona faini zinashuka. Baraza likamrudisha hakimu. Mimi kipande hiki nimekisoma mara tatu, na kila nikikisoma napandwa na presha. Diwani anazungumzia haki, anajibiwa kwa hesabu ya makusanyo, na wenzake wananyoosha mikono.

Chini huku ilikuwaje? Mama mmoja mweusi aliegesha gari vibaya siku moja mwaka 2007. Tiketi mbili, dola 151 na ada zake. Alikuwa na hali ngumu, kuna vipindi hakuwa hata na pa kulala. Akakosa tarehe za mahakama na za malipo, kila akikosa anaongezewa kosa jipya, mpaka yakafika saba. Akakamatwa mara mbili, akalala mahabusu siku sita. Alijaribu kupeleka dola 25, akajaribu 50, mahakama ikamrudishia kwa sababu hazijatimia. Hadi Desemba 2014 alikuwa ameshalipa dola 550 na bado anadaiwa 541. Gari lenyewe liliegeshwa miaka saba nyuma!

Mwingine, kijana wa miaka 32, alitoka kucheza mpira wa kikapu akakaa kwenye gari lake apoe jasho. Askari akamzuia, akamtuhumu kuwa ananyemelea watoto, akataka kupekua gari. Jamaa akakataa, akitaja haki yake ya kikatiba. Kaelekezewa bunduki, kapewa makosa manane, likiwemo la kudanganya jina, kwa kuwa alijitaja "Mike" badala ya "Michael". Na la kutofunga mkanda. Gari limesimama, wakuu. Kazi yake aliyoifanya miaka mingi ikapotea kwa sababu ya hizo kesi.

Nyasi zikirefuka uani kwako, faini kwa tiketi moja iliwahi kufika dola 531. Kutembea barabarani "isivyopasa", 302. Mwisho wa 2014 watu zaidi ya 16,000 walikuwa na hati za kukamatwa kutoka mahakama ya mji wa watu 21,000.

Mimi yaliyonikuta ni madogo, na mji wenyewe siutaji. Kaunti hii ina vimiji kama ugali na makombo yake, unavuka taa tatu za barabarani umeshapita polisi wa aina tatu. Nimetoka zamu ya usiku, taa moja ya nyuma imeungua. Bluu na nyekundu hizo nyuma yangu. Tiketi. Tarehe ya mahakama jioni, saa ambayo natakiwa niwe kazini. Nikaomba ruhusa nikaenda. Foleni imetoka mlango wa ukumbi hadi maegesho, akina mama na watoto mgongoni, baridi ya Januari, na karibu wote tuliopanga ni rangi moja. Balbu nilinunua dola 6. Sitasema nililipa ngapi pale mezani, nitaudhika tena. Baadaye nikaenda kikao cha madiwani kulalamika. Unapewa dakika tatu, mbele yako kuna kitaa cha kijani, kikigeuka chekundu maikrofoni inazimwa. Diwani mmoja alikuwa anakunja karatasi ya peremende muda wote niliosema. Hadi leo naisikia ile karatasi.

Turudi Ferguson, kwenye hayo "mageuzi". Aprili 2015 wananchi walichagua madiwani wapya, wawili kati yao weusi, tukasema afadhali. Mji na Wizara wakajadiliana miezi mingi, Januari 2016 rasimu ya makubaliano ya kurekebisha polisi na mahakama ya mji ikatangazwa. Tarehe 9 Februari ikaletwa kupigiwa kura. Kura 6 kwa 0, tena na wapya wetu wakiwemo: tunakubali, ila kwa masharti saba. Moja, mji usilazimishwe kupandisha mishahara ya askari. Jingine ndilo lililonichosha kabisa: siku mji ukikabidhi kazi ya polisi kwa chombo kingine, makubaliano yasikiguse hicho chombo. Yaani unafunga mlango wa mbele huku wa nyuma umeuegesha tu. Kesho yake Wizara ikaushitaki mji. Ndipo tarehe 15 Machi wote wakakubali rasimu ilivyo. Huko ndiko "kujirekebisha wenyewe"?

Nakubali sababu yao ya kuweka masharti, kwamba hela hazitoshi, haikuwa ya uongo mtupu. Gharama za mwaka wa kwanza walizikadiria kuwa dola milioni 2.1 hadi 3.7, na kwa mji ule hizo ni hela nyingi. Lakini kwa nini hela zikosekane siku ya kurekebisha tu, wakati za kukamatia watu zilipatikana kila mwaka?

Kuna atakayekuja kusema kufikia 2024 askari weusi walikuwa kama nusu ya kikosi, na mwaka 2020 alichaguliwa meya mwanamke mweusi, Ella Jones. Kweli, nafurahi. Lakini huyo Ella Jones alikuwemo kwenye ile kura ya masharti saba. Na mwaka 2024, miaka 10 tangu Brown afe, makubaliano yalikuwa bado hayajakamilika kutekelezwa. Wa kuniletea mambo ya trafiki wa Bongo, fungua uzi wako, nitakuja kuchangia.

Mwaka huo huo wa 2024 mji wa Ferguson ukakubali kulipa dola milioni 4.5 kumaliza kesi ya watu kama 15,000 waliofungwa kwa kushindwa kulipa faini. Gawanya, kabla wakili hajakata chake: dola 300 kila mtu. Faini ya kutembea vibaya barabarani ilikuwa 302.

Mdau wa "mfumo unajirekebisha", njoo tu. Uje na kikokotoo.