Ahmedabad siku 3: tubaki mji mkongwe, twende Patan, au Champaner?

msafiri_mvivu: Wakuu habari za humu. Niko Ahmedabad, Gujarat, na bi mkubwa, nimemleta kutibiwa macho, namshukuru Mungu mambo yameenda fresh ila tumeambiwa tusubiri siku 3 ndo turudi Dar, na kukaa gesti kuhesabu feni nimechoka. Machaguo niliyonayo: kuzunguka mji mkongwe tu, kukodi gari twende Adalaj, Modhera na Patan, au Champaner kule karibu na Vadodara. Bi mkubwa anatembea na fimbo, ngazi nyingi hawezi. Natanguliza shukrani.

Kitenge_Kkoo: Mkuu baki mjini. Mimi huwa nafuata vitambaa huko, nauelewa. Ule mji kaujenga Sultani Ahmad Shah 1411, na 2017 UNESCO wakauweka kwenye orodha yao, mji wa kwanza India kupewa hiyo heshima. Ingia kwenye zile pol, yaani mitaa ya ndani yenye geti lake, nyumba za mbao zilizochongwa mpaka basi, na katikati kuna nguzo yenye kibanda juu cha kulishia ndege, asubuhi utakuta mzee kapanda na kopo la nafaka. Kuna matembezi yanaanza asubuhi kwenye hekalu la Swaminarayan pale Kalupur yanaishia Jama Masjid (huo msikiti ni wa 1424). Chukua soksi, viatu unavua na sakafu ya uani mchana inakaanga.

ChuraWaKisima: Kitenge anakuonea, vitambaa vimemteka 😂 Msafiri, una noti ya rupia 100 mpya, ile ya zambarau? Igeuze nyuma. Hiyo picha ndo Rani ki Vav ya Patan, kisima cha ngazi cha karne ya 11, malkia Udayamati alimjengea mumewe mfalme Bhima, ghorofa 7 zinashuka CHINI, kuta zote masanamu. Mto Saraswati ulifurika ukakifukia kwa tope karne na karne, ndo maana michongo imebaki mikali hivyo, hakuna aliyeigusa. Toka alfajiri, ni kama kilomita 130, njiani unapitia Modhera kwenye hekalu la jua.

bint_nyali: Chura wewe umesoma kweli? Mtu ana mama mwenye fimbo unampeleka kwenye shimo la ghorofa saba 🙄

ChuraWaKisima: Dah, hapo nimeteleza. Lakini si lazima ashuke, akiwa juu ukingoni anaona mengi. Ila Adalaj nakubali usimpeleke, ni karibu kweli, kama kilomita 18 tu, lakini raha ya kile kisima cha 1499 ni kuteremka mpaka usikie ubaridi, kukiangalia kwa juu ni sawa na kunusa pilau.

bint_nyali: Mwanangu mpeleke mamako msikiti wa Sidi Saiyyed, pale Lal Darwaja, bajaji inakushusha mlangoni. Ni wa 1573, na aliyeujenga ni Msidi, Mhabeshi, watu wa bara letu hawa. Dirisha la nyuma ni jiwe limechongwa mti, matawi yamejisokota kama uzi wa lesi, na unaliona hata ukiwa nje. Hao Masidi mpaka leo wapo Gujarat na ngoma yao wanaiita goma, sasa niambie hilo neno limetoka wapi. Usiku mwende Manek Chowk, mchana pale wanauza dhahabu, usiku meza zinatoka inakuwa chakula. Kuna sandwichi ya nanasi, chokoleti na jibini. Nililia ila niliimaliza.

Kitenge_Kkoo: Na bia usitafute, Gujarat pombe marufuku.

gari_bovu: Champaner achana nayo safari hii. Ni pazuri, misikiti ya Sultani Mahmud Begada imesimama porini kimya kabisa, mimi ndo nilipapenda kuliko kote, lakini kwenda tu ni kama kilomita 150 na magofu yametawanyika, utatembea mpaka uchoke. Kwa mtu wa fimbo hapana.

msafiri_mvivu: Asanteni sana wadau. Basi leo na kesho mjini na bi mkubwa, msikiti wa Sidi kwanza maana nimemsomea hapa hajaacha kuuliza. Kesho kutwa dada yangu atakaa naye mimi nadandia gari la Patan peke yangu.

Kitenge_Kkoo: Ukifika Patan watakuonyesha wafumaji wa patola, sari moja inakula miezi, nyuzi zinatiwa rangi kwanza ndo zifumwe na pande zote mbili zinafanana. Usiulize bei kwa kujiamini. Wakisema laki ni laki ile ile yetu, ila ya rupia.

msafiri_mvivu: 😳 Bi mkubwa hataonyeshwa hata picha.