Mjadala: Kamati ya jengo ina haki ya kumfungia mtu maji?

Mkaazi, Unguja mjini

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naishi ghorofa ya tatu, nyumba nimeinunua, sikupanga. Jirani yangu wa juu, mama mtu mzima, amefungiwa maji na kamati ya wenye nyumba kwa sababu ada ya miezi mitatu hajalipa. Juzi nimemkuta ngazini anapandisha ndoo, na goti lake mnalijua wanaolijua. Siku ile ile karatasi ikabandikwa mlango wa chini: marufuku kuanika nguo roshani, marufuku kupiga turubali uwanjani bila ya ruhusa ya maandishi, atakayekaidi faini shilingi 50,000. Mkutano hatukuitwa.

Ada naiunga mkono, na yangu nimelipa. Paa, pampu, tangi na taa za ngazi havijitengenezi. Sheria ya Kondominium ya Zanzibar, Namba 10 ya 2010, msingi wake ndio huo: nyumba yako ni yako, na vya pamoja ni vyetu sote, kila mtu na fungu lake. Lakini kamati inasimamia vile vya pamoja. Haikupewa watu. Anayedaiwa adaiwe, apelekwe mahakamani ikibidi, na kabla ya faini yoyote aitwe asikilizwe. Kumkatia mzee maji ni adhabu, na adhabu si kazi ya jirani.

Mjumbe wa kamati, jengo jengine

Dada, nimekusoma na mama huyo nimemuonea huruma. Lakini kaa kidogo kwenye kiti chetu. Mimi nimekulia Michenzani, kwenye majumba aliyojenga Mzee Karume kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki. Sisi watoto tulijua ngazi ni ya serikali, paa la serikali, bomba likipasuka tunasubiri serikali. Tabia hiyo tumehama nayo. Sasa tumenunua nyumba zetu wenyewe na bado mtu anaiona ada kama sadaka, akitaka atatoa.

Tukuza ya pampu, yaani umeme wa kulipia kabla, ikimalizika, jengo zima halipati maji, aliyelipa na asiyelipa. Nimewahi kuijaza kwa pesa ya mfukoni kwangu mara nne mfululizo. Mahakamani, unasema? Kwa deni la laki moja na nusu? Wakili atakula zaidi ya hiyo. Nipe silaha nyengine isiyokuwa maji na mimi nitaiweka chini hii.

Mzanzibari aliyeko California

Huku ninakoishi jumuiya za wenye nyumba zina nguvu kuliko hizo zenu, mpaka nyumba ya mtu zinaweza kuinadi kwa deni la ada. Kwa hiyo sheria zimelazimika kuzifunga kamba. Hapa California, deni la ada likiwa halijafika dola 1,800, bila ya kuhesabu gharama za kuchelewa, wala halijatimiza mwaka, jumuiya hairuhusiwi kuinadi nyumba. Tangu 1996 kanuni ya taifa inamruhusu mtu kuweka dishi lisilozidi mita moja kwenye sehemu yake mwenyewe, kamati ipende isipende. Mwaka 2006 Bunge la Marekani likapitisha sheria kwamba jumuiya isimkataze mkaazi kupeperusha bendera ya nchi.

Linaloniuma zaidi ni la zamani. Majirani weupe walikuwa wakiwekeana mikataba kwamba nyumba za mtaa wao zisiuzwe kwa mtu mweusi. Watu wametia saini, kila kitu kimeandikwa. Mwaka 1948, katika kesi ya Shelley na Kraemer, Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema mahakama haziwezi kuutilia nguvu mkataba wa namna hiyo. Mjumbe, lizingatie hilo: majirani kukubaliana hakutoshi kulifanya jambo kuwa haki. Na nyinyi hata hamkukubaliana, mmebandika karatasi.

Ila dada, kwenye nguo usiende mbali. Sheria ya hapa inamlinda anayeanika uani kwake. Ukingo wa roshani haumo.

Msomaji, Chake Chake

Sisi Pemba msimu wa karafuu kila penye jua pana mkeka, na hatujaunda kamati. Mtu akimkera mwenzake anaitwa kwa sheha, wanakaa, yanaisha. Kwani sheha wenu hana kazi?

Mkaazi, Unguja mjini

Shekhe wa Chake, sheha tumemfuata, na ameahidi kuja.

Ndugu wa California, la ukingo nimelikubali. Uso wa jengo ni wetu sote. Kamba nitaifunga ndani ya roshani. Turubali pia, uwanja ni wa pamoja, na anayefanya harusi ana muda wa kuomba. Lakini msiba hauombewi ruhusa ya maandishi. Mtu amefiwa saa tisa usiku, hitma imo njiani, aanze kumtafuta katibu?

Mjumbe, wewe umeniuliza jambo la haki na sitalikwepa. Ada ya pampu itenganishwe na ada nyengine, ikusanywe kabla ya mwezi kuanza, hesabu zibandikwe pale pale ilipobandikwa ile karatasi ya marufuku. Watu wengi hawalipi kwa sababu hawajawahi kuona risiti hata moja. Asiyelipa baada ya hapo aandikiwe barua, aitwe mbele ya wenzake, apangiwe kulipa kidogo kidogo, na deni limfuate mpaka siku atakapoiuza nyumba. Hiyo ni silaha, na haimuachi mtu bila ya maji ya kutilia udhu.

Yule mama pensheni yake imechelewa, ndiyo sababu. Hakuna aliyepanda kumuuliza. Mpaka leo asubuhi bomba lake bado limefungwa. Ghorofa ya pili na ya tatu tunampandishia madumu kwa zamu, na mkutano tumeuitisha wenyewe Jumapili baada ya alasiri.