Palitana na watoto wa miaka 2 na 6, katikati ya Januari: tupande nao au wabaki chini?

MamaParklands
Habari za leo wanajukwaa. Tunasafiri Nairobi–Ahmedabad tarehe 10 Januari, kisha Palitana, mji wa hija wa Wajaini (wafuasi wa dini ya kale ya India) jimboni Gujarat, tarehe 11 hadi 16. Watu wazima ni watatu: mimi, mume wangu na mama mkwe (miaka 68, goti la kulia linamsumbua). Watoto ni msichana wa miaka 6 na mvulana wa miaka 2 na miezi 3, kilo 13. Mama mkwe amenuia kupanda Shatrunjaya, mlima mtakatifu wa pale, na anataka wajukuu wote wawili wafike kwenye hekalu la Adinath, mwalimu wa kwanza wa Wajaini, pale juu. Mimi nina wasiwasi na yule mdogo. Nisaidieni: inachukua muda gani na mtoto, anakula nini njiani, na malazi yapi yanafaa? Tutapanda siku moja tu.

MzeeWaVidato
Karibu. Kwanza umepata msimu mzuri. Miezi minne ya mvua, kuanzia mwezi mpevu wa Julai hadi ule wa Kartik (mwezi wa kalenda ya Kihindi) mnamo Novemba, hija ya mlimani husimama kabisa. Januari asubuhi ni baridi, nyuzi 14 au 15 hivi, na mchana hufika 28. Mvalishe mtoto nguo mbilimbili zinazovulika, maana baada ya saa 4 asubuhi jaketi linageuka mzigo wa mama.

Vidato ni kama 3,500, njia yote karibu kilomita 4. Si ngazi za mfululizo: ni vifupi kwa kimo, vinakatizwa na vipande vya njia bapa. Mtu mzima mwenye pumzi hupanda kwa saa moja na nusu au mbili. Mtoto wa miaka 6 mwekee saa mbili na nusu hadi tatu kupanda, saa moja na nusu juu, na saa mbili kushuka. Jumla ni saa sita hadi sita na nusu, na hapo ndipo wazazi wengi wanapokosea hesabu, kwa sababu mlimani hakuna kula. Si kwamba hakuna duka. Ni desturi ya mahali penyewe, mlima wote ni mtakatifu. Utawakuta akina mama wa vijijini wakiuza mtindi kwenye vyungu karibu na malango, lakini mahujaji wengi wa Kijaini hawaugusi, na mama mkwe wako hatapenda kuona mjukuu analishwa pale. Maji yapo, kuna vituo vya maji ya kunywa njiani.

Anzeni kupanda saa 1 kasoro robo, kukianza kupambazuka. Ila kumbukeni India iko mbele ya Kenya kwa saa mbili na nusu. Saa 1 kasoro robo ya Palitana, mwili wa mtoto unasoma saa 10 na robo alfajiri. Ukipanda siku inayofuata baada ya kufika, utakuwa unamburuta mtoto aliyelala. Tarehe 13 ni nzuri zaidi kuliko 12. Na kuna sababu ya pili ya kuchagua 13, wengine watakueleza.

Mkikaribia juu, penye mahali pa ibada pa Hanuman, mungu wa Kihindu, njia inagawanyika. Moja inakwenda moja kwa moja kwenye ua mkuu wa Adinath, nyingine inazungukia kundi la mahekalu wanaloliita Navtunk. Mkiwa na mtoto chukueni ya ua mkuu. Kilima kina mahekalu zaidi ya 800, na mtoto hakumbuki hata moja kati yao akiwa na njaa.

BintiWaSihor
Yule wa miaka 2 asipande. Saa sita na zaidi bila chakula kwa mtoto wa umri huo haziendi, na akianza kulia kwenye kidato cha 2,000 hakuna pa kumpeleka isipokuwa kule mlikotoka.

Sorath_Mvita
Nakubaliana nusu. Wapo wanaopanda na watoto wadogo kuliko huyo, na wapo wabebaji pale chini wanaolipwa kumbeba mtoto. Tatizo la mtoto wa miaka miwili halina uhusiano na vidato, ni kwamba mtoto mwenyewe hamjui mbebaji. Akichukuliwa na mtu mgeni anayekwenda kasi kuliko ninyi, ndani ya dakika kumi mtoto haoni mama wala baba. Mkiamua kutumia mbebaji, mzazi mmoja atembee naye bega kwa bega, kwa mwendo wa huyo mbebaji.

Mbeleko inatosha kuliko kibebeo chochote cha kisasa, ila mgongoni, si kifuani. Mkishuka na mtoto kifuani huoni kidato kinachofuata, na vidato vya mawe vimesuguliwa na miguu ya watu miaka na miaka. Kigari cha mtoto kiacheni nyumbani Nairobi.

Kuhusu mama mkwe: goti linauma zaidi kushuka kuliko kupanda. Kuna kiti kinachoning'inizwa kwenye mti unaobebwa mabegani, kinaitwa doli. Cha watu wawili ni kwa mtu mwepesi, cha watu wanne kwa mzito, na bei hufuata uzito. Kabla hajakaa, malizaneni mambo manne kwa sauti mbele ya wabebaji wote: ni kupanda tu au kupanda na kushuka, watamsubiri juu kwa muda gani, uzito wameukubali, na malipo ni baada ya kurudi chini. Ukisema "na kurudi" halafu usitaje kusubiri, ugomvi utaukuta juu. Asimpakate mjukuu kwenye doli. Halina mkanda, linayumba, na uzito unaongezeka kilo 13 ambazo hamkukubaliana.

Fimbo za kutembelea zinapatikana pale chini. Mchukulieni hata kama amekodi doli, kwa ajili ya kutembea ndani ya nyua.

Khakhra_Chai
Malazi. Palitana imejaa dharamshala, yaani nyumba za kulala mahujaji, nyingi ni za Wajaini, safi na za bei nafuu, lakini swali la kwanza kwa simu lisiwe bei. Waulize: mnapokea wageni wenye pasipoti ya nje? Sheria ya India inamtaka mwenye nyumba amsajili kila mgeni wa nje, kwenye fomu iliyozoeleka kwa jina la Form C, ndani ya saa 24. Dharamshala ndogo nyingi hazijisumbui na hilo, zinakukataa mlangoni saa 2 usiku mkiwa na watoto wamechoka. Jina la ukoo la Kigujarati halisaidii kama pasipoti ni ya Kenya.

Swali la pili: chumba cha chini kipo? La tatu: maji ya moto yanatoka saa ngapi? Mara nyingi hutolewa asubuhi kwa muda maalum, kwa ndoo.

Chakula sasa. Bhojanshala, yaani ukumbi wa chakula wa mahujaji, hufuata jua. Januari jua huchwa kama saa 12 na robo jioni, na chakula cha usiku kinakuwa kimeisha kabla ya hapo. Mtoto aliyezoea kula saa 2 usiku atalala na njaa msipojipanga. Asubuhi ni vivyo hivyo: wengi hawafungui kinywa mpaka dakika 48 zipite baada ya jua kuchomoza, na jua lenyewe linachomoza baada ya saa 1. Maana yake siku ya kupanda hamtapata kifungua kinywa ukumbini. Nunueni jioni ya kabla: ndizi, khakhra na thepla (mikate myembamba ya Kigujarati), maziwa ya pakiti. Mlisheni mtoto chumbani saa 12 asubuhi, polepole, si kwa haraka mlangoni.

Chipsi sahau. Viazi, vitunguu na vitunguu saumu havipo kwenye jiko la Kijaini kwa sababu vinang'olewa na mizizi, na nyama na mayai msitafute mjini. Khichdi (wali uliopikwa pamoja na dengu) na samli ndiyo itakayowaokoa. Muombe mpishi aitoe kabla hajatia pilipili. Huko Saurashtra, eneo hilo la Gujarat, wanapika kwa mkono mzito.

Jambo moja la faida: Wajaini wengi wanakunywa maji yaliyochemshwa, kwa hiyo ukumbini yapo. Nenda na chupa ya chai ujaze yakiwa bado ya moto. Yaliyokwisha kupoa kwenye chombo kipana, watu wote wakichota kwa kata moja, hayo siyo tena maji ya mtoto mdogo.

MuuguziKisumu
Kadi ya homa ya manjano kwa watoto wote wawili, chanjo iwe imetimiza siku 10 kabla ya kutua. Anayetoka Kenya bila kadi anaweza kuzuiliwa karantini hadi siku 6. Watu hukumbuka za wakubwa na kusahau za watoto. Viza nayo kila mtoto na yake.

Kuhara ndiyo hatari kubwa kuliko mlima. Beba chumvi za ORS (za kurudisha maji mwilini) na soma pakiti kabla ya kuchanganya: nyingi za nyumbani ni za nusu lita, za India kama Electral kubwa ni za lita 1. Ukitia ya lita 1 ndani ya nusu lita unampa mtoto chumvi maradufu, na hiyo inamdhuru. Vinywaji vitamu vya boksi vinavyopangwa kaunta moja na ORS si badala yake. Vidonge vya zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, kwa watoto wako wote wawili vinafaa kuhara kukianza. Damu kwenye choo, macho kuzama, au mtoto kakataa kunywa: msisubiri asubuhi, hospitali kubwa zipo Bhavnagar, kama kilomita 50.

Mbwa wa mitaani ni wengi. Mtoto akikwaruzwa tu, oshea kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyo hiyo.

LeicesterMwambao
Sababu ya pili ya tarehe 13 aliyoificha Mzee: 14 na 15 Januari ni Uttarayan, sikukuu ya tiara. Gujarat nzima iko juu ya mapaa. Uzi wa tiara, manja, hupakwa unga wa kioo, na ukikatika unaning'inia barabarani kwenye kimo cha shingo. Siku hizo mbili mtoto asipande pikipiki kabisa, na kwenye bajaji akae katikati ya watu wazima, si pembeni. Vipande vya uzi vinabaki chini siku kadhaa, hivyo hakuna kutembea pekupeku mjini. Siku ya kurudi Ahmedabad ondokeni mapema. Ni zaidi ya kilomita 200 na barabara inachosha watoto. Teksi hazina kiti cha mtoto, njooni na chenu.

MamaParklands
Asanteni sana, mmenipa kazi ya kufanya. Form C sikuwahi kuisikia. Tarehe 13 tumeikubali. Maswali mawili yamebaki: viatu na nguo vikoje? Na nimwambieje mama mkwe kuhusu mdogo bila kumuumiza?

BintiWaSihor
Ngozi haipandi mlima: mkanda, pochi, mkanda wa saa, viatu. Kagueni hata mbeleko ya kisasa kama ina kipande cha ngozi. Wengi hupanda pekupeku, lakini mtoto avae viatu vya kitambaa na soksi, avue penye nyua. Mkichelewa kushuka, jiwe la saa 6 mchana linaunguza, kwa hiyo soksi jozi mbili. Anayetaka kugusa sanamu na kufanya puja (ibada mbele ya sanamu) lazima aoge na kuvaa nguo safi za puja. Kwa kutazama tu nguo za heshima zinatosha. Picha ndani ya mahekalu hapana.

PembaPwani
Nyongeza kwa wasio Wajaini wanaosoma uzi huu: juu kule kuna kaburi takatifu la Mwislamu, Angar Pir, na wanawake wanaotafuta mtoto hupeleka susu ndogondogo (vitanda vya kubembeza mtoto) pale. Liko upande wa Navtunk, kwa hiyo kwa MamaParklands ni mzunguko wa ziada. Mkimwacha mdogo chini, msiende.

MzeeWaVidato
Kuhusu mama mkwe, jibu liko ndani ya ibada yenyewe. Hija inaanzia chini, mahali panapoitwa Taleti. Ibada ya kwanza kati ya tano za safari hiyo hufanyika pale pale, na watu hugusa jiwe la mlima kwa paji la uso. Mdogo afanye hiyo pamoja na bibi, wote wakiwa wamevaa vizuri, jioni ya tarehe 12 kukiwa na utulivu. Bibi amemfikisha mlimani, na hakuna uongo hapo. Asubuhi yake bibi, baba na msichana wapande. Wewe ubaki na mdogo, au mpokezane na baba. Hekalu la Samavasaran lipo chini kule kule, lina nafasi ya mtoto kukimbia.

Kama mama mkwe bado anasisitiza, mweleze kwamba mlima hufungwa jioni na hakuna anayelala juu. Mtoto akigoma saa 7 mchana, wote watashuka kwa haraka, na goti lake ndilo litakalolipa.

Khakhra_Chai
Na mkishuka, pitieni nyumba ya bhatu pale chini. Kila hujaji aliyeshuka anapewa kitafunwa bure, laddu (kidonge kitamu) na sev (tambi za kukaanga), anakaa chini anakula. Mwambieni msichana kuhusu hiyo laddu mkifika kwenye njia panda ya kushuka, si kabla, ama sivyo ataanza kuidai asubuhi.