Mashine ya biskuti, rauta au jigi ya doweli: nina laki nne na nusu, nichukue ipi?

SeremalaMdogo
Habari zenu wakuu. Nimechoka kuchimba kwa patasi matundu ya ulimi (kipande cha mbao kinachoingia kwenye tundu na kushika ubao mwenzake), kazi zinachelewa na wateja wananipigia simu kila siku. Nina laki nne na nusu mkononi na Jumamosi nashuka Gerezani, Kariakoo, kununua mashine ya kuungia mbao. Macho yangu yapo kwa mashine ya biskuti ya Kichina (biskuti ni vipande vyembamba vya mbao vinavyoingia kwenye matundu ya mbao mbili kuziunga), rauta ya nusu inchi (mashine ya mkono yenye kisu kinachozunguka), au jigi ya doweli ya chuma (kiongozi cha kutobolea matundu ya doweli, yaani vijiti vya mviringo vya kuungia). Domino ya Festool, mashine inayochimba matundu ya ulimi yenyewe, ndiyo ndoto yangu, ila bei yake siiwezi. Mnanishauri nini?

MzeeWaRanda
Mwanangu, hujasema unatengeneza nini. Kabati la MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) na kiti cha mninga haviungwi kwa namna moja. Mbao zako zina unene gani? Drili unayo? Klampu (vibanio) unazo ngapi? Tuanzie hapo.

FundiKeko
Rauta, usiumize kichwa. Unachukua biti (kile kisu chake) ya mm 8, unajitengenezea jigi kwa vipande vya plaiwudi, unachimba kidogo kidogo, mm 5 kwa kila awamu, mpaka ufike kina unachotaka. Ulimi unauchana pembeni kutoka kwenye mabaki, unaviringisha kingo zake kwa randa, unaupachika pande zote mbili. Rauta hiyohiyo itakulainishia ukingo wa meza na kukuchimbia nafasi ya bawaba. Mashine ya biskuti ina kazi moja tu.

DadaKabati_Mwanza
Kaka, hapo sikubaliani nawe. Mimi naishi kwa kabati za jikoni, na biskuti ndizo zinanilisha. Namba 20 ina urefu wa mm 56, upana 23, unene 4. Tundu linakuwa refu kidogo kuliko biskuti yenyewe, kwa hiyo nikikosea alama nasogeza ubao kushoto au kulia kabla gundi haijashika. Doweli haikupi nafasi hiyo, ukikosea mm 1 imekula kwako. Na biskuti ikikutana na gundi ya maji inavimba na kujibana yenyewe. Zilibuniwa Uswisi na seremala Hermann Steiner miaka ya 1950, akitafuta namna nyepesi ya kuunga chipubodi.

KigamboniWood
Dada yangu, biskuti sina ugomvi nazo. Mashine za bei ya chini ndizo zilizoniliza.

Mwaka juzi nilinunua moja, boksi zuri, dhamana miezi sita. Nilikuwa na oda ya kabati la milango minne. Nikakata matundu zaidi ya arobaini kwa mchana mmoja, nafurahi kazi inakwenda. Jioni naunganisha, ubao wa kwanza umepanda karibu mm 2 juu ya mwenzake. Nikadhani nimekosea mimi. Wa pili nao umeshuka. Nikaigeuza mashine, nikapima kutoka kwenye fensi (bamba linaloegemea ubao) mpaka kwenye diski inayokata: kushoto mm 9, kulia 10 na nusu. Fensi imekaa upande! Na hata ukiikaza, mtikisiko unailegeza taratibu. Kurudi dukani naambiwa dhamana ni ya mota peke yake. Siku tatu nilizimaliza nikiziba matundu kwa vipande vya mbao na gundi, halafu nachimba upya kwa patasi.

Biskuti zenyewe nilikuwa nimeziacha kwenye mfuko wazi, masika yakazikuta. Zilinyonya unyevu mpaka zikagoma kuingia hata kwa nyundo. Siku hizi nazitunza kwenye kopo la maziwa lenye mfuniko, na mchele kidogo ndani.

Ukienda Gerezani beba kipande cha ubao ulionyooka na kipimo. Wakikukatalia kuijaribu palepale, ondoka.

FundiKeko
Pole sana ndugu. Ndiyo maana nasema rauta.

NyaliJoinery
Salamu kutoka Mombasa. Rauta ni nzuri, lakini iheshimiwe. Ukiisukuma kufuata upande biti inakozungukia, inakuvuta na kukimbia na ubao. Klampu kwanza, miwani kwanza. Milango ya Lamu imeungwa kwa ulimi wa mkono na ingali imesimama, kwa hiyo patasi yako usiitupe.

SeremalaMdogo
Samahani wakuu, nilikuwa saiti. Natengeneza zaidi vitanda na viti, mninga na mtiki, inchi moja na inchi mbili. Paini ya Mafinga mara mojamoja. Kabati ni chache. Drili ninayo, klampu nne.

DadaKabati_Mwanza
Ungesema mapema, kaka! Kwa viti biskuti usiziguse. Mguu wa kiti unavutwa huku na huku kila mtu anapokaa, na biskuti ni fupi mno kwa kazi hiyo.

KigamboniWood
Hata Domino ndogo, DF 500, inachimba kina cha mm 28 tu. Kitanda cha inchi mbili kinataka zaidi. Jigi ya doweli ya mm 10, biti yenye ncha katikati, na chenji inayobaki ongeza klampu.

FundiKeko
Doweli kwenye kiti? Mtiki una mafuta, gundi itaachia mwaka haujaisha.

NyaliJoinery
Futa kwa thina kabla ya kupaka gundi. Mimi nafanya hivyo, viti havirudi.

MzeeWaRanda
Mnabishana mashine wakati mbao zenyewe mbichi. Mninga hausinyai sana, sawa, lakini hiyo paini inashushwa kwenye lori ikidondosha maji. Unaiunga leo, mwezi ujao ulimi unacheza ndani ya tundu, uwe umechimba kwa Domino au kwa kisu cha jikoni. Mwanangu, mbao zako unazianika wapi, na kwa muda gani?

SeremalaMdogo
Mzee, nazisimamisha ukutani nyuma ya banda, wiki mbili hivi.

MzeeWaRanda
Zilaze. Weka vijiti katikati ya kila ubao na ubao, vipangane wima kuanzia chini mpaka juu, paa liwepo, upepo upite. Zikisimama ukutani zinapinda.

DadaKabati_Mwanza
Mzee, na mtiki wa inchi mbili niupe miezi mingapi?