Mtoto anayependa katuni aanze na katuni, au kwanza ajue kuchora mtu?

Mleta mada:

Mwangaluka wakuu. Naleta hapa ugomvi wa Jumamosi iliyopita, maana sisi wenyewe umetushinda.

Tuko watu watano tunaofundisha vijana kuchora, bure, kwenye darasa la kuazima huku Nyakato, Mwanza. Mwanzoni walikuja 26. Leo, ukimhesabu na yule anayefuata mihogo ya mapumziko, wamebaki 11. Wenzangu wanne wanasema kosa ni letu: watoto wanakuja wakitaka kuchora katuni, hasa zile za Kijapani wanazoziona kwenye simu, sisi tunawapa mafuvu na mbavu. Wanataka muhula ujao tuanze na katuni moja kwa moja, habari za mtu halisi zije baadaye, zikija. Nimekataa, nikaambiwa nimepitwa na wakati. Sawa, ila nisikilizwe.

Tunaye kijana wa miaka 15, mkono wake mwepesi kweli. Ana mhusika wake: nywele zimesimama kama majani ya nanasi, macho makubwa, kidevu ncha ya kisu. Ukimwona unasema huyu ameshaiva. Nikamwambia amgeuze, atazame kulia. Akashindwa. Nikapekua daftari lote, kurasa thelathini na kitu: kila mhusika anatazama kushoto, mikono yote iko mfukoni au nyuma ya mgongo, miguu yote inaishia kwenye majani. Nikamwambia basi, nichoree mama yako anakaanga samaki. Akanichorea yule yule wa nanasi, safari hii kavaa kitenge. Pua nukta moja. "Mama yako ana pua hii?" Akacheka mwenyewe.

Kwangu mimi kijana huyo anajua picha moja, anairudia rudia.

Tukawapeleka soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, kila mmoja na kaunta buku na kalamu ya wino ili asiwe na cha kufuta. Masharti: dakika moja kwa mtu, usichore sura, usichore vidole, shika mkao tu. Tukamtazama kuli mmoja aliyebeba gunia la dagaa kichwani. Akitembea, gunia, shingo na mguu uliokanyaga chini vinakaa karibu kwenye mstari mmoja. Ukikosea huo mstari, mtu wako anaanguka hapo hapo kwenye karatasi. Alipolitua akasimama kutaniana na mwenzake, uzito wote kauegemeza mguu wa kulia. Nikawaambia acheni kalamu, tazameni kwanza. Nyonga ya kulia imepanda, bega la kulia limeshuka. Mistari miwili tu, wa mabega na wa nyonga, inakaribiana upande mmoja na kuachana upande wa pili. Ukiipata hiyo, mtu anasimama hata kama kichwa chake ni duara tupu.

Michoro kumi ya kwanza ilikuwa takataka, yangu ikiwemo. Kwenye ya kumi na tano hivi, yule kijana wa nanasi akamchora kuli kwa mistari sita, na hata muuza kahawa aliyekuwa anapita alimtambua.

Vipimo navyo havikwepeki. Mtu mzima ni kama vichwa saba na nusu kwa urefu, mtoto wa mwaka mmoja vinne hivi. Vile vikatuni vifupi vya kichwa kikubwa vina viwili au vitatu, ndiyo maana vinatuvutia: vimeazima umbo la mtoto mchanga. Macho yako katikati ya kichwa, na karibu kila anayeanza huyapandisha juu, kwa kuwa anasahau fuvu lililofichwa na nywele. Ukijua hayo, unajua unachokuza na unachopunguza. Hata Osamu Tezuka, ambaye wapenzi wa katuni za Kijapani humtaja kabla ya wengine, alisomea udaktari.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Nipingeni.

Fundi Mabango, Igoma:

Mleta mada, shikamoo kama umenizidi, marahaba kama nimekuzidi.

Nimechora vichwa vya saluni tangu 1994. Njia yangu ni viboksi: picha ya pasipoti naipiga mistari midogo, ukuta naupiga mistari mikubwa, nahamisha boksi kwa boksi. Nyonga sijawahi kuipima hata siku moja, kwanza mteja wa kunyoa halipii nyonga. Na nilikula vizuri mpaka mabango ya kuchapishwa yalipoingia mjini.

Sasa niambie, Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora pale Dar miaka ya 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi, alipima vichwa vingapi? Alifariki 1972 na mpaka leo kuna watu wanaendesha familia kwa staili yenye jina lake. Chui wake ana madoa tu, mbavu huzioni, na hakuna mtoto atakayekuuliza huyo ni mnyama gani. Wachonga mashetani wa Kimakonde je? Jicho moja, mdomo umehamia ubavuni. Ungewapokea darasani kwako hao, ungewarudisha wakaanze na duara.

Mleta mada:

Fundi, marahaba nimeipokea lakini naona ni mimi wa kukuamkia.

Kwa Tingatinga umenishika pabaya, sina cha kubisha. Alipata jicho lake bila kupitia mlango ninaowalazimisha hawa kupita. Ila pita sokoni kwenye vinyago na picha za watalii uone wanaomwiga bila kuwa na jicho lao: twiga wamefanana mpaka mnunuzi anachagua kwa ukubwa wa ubao. Hicho ndicho ninachokiogopa kwa hawa watoto, tofauti ni kwamba wao wanamwiga mtu wa mbali zaidi.

Halafu viboksi vyako ni vipimo, mzee wangu. Umepima miaka thelathini.

Fundi Mabango, Igoma:

Usinibatize kwa nguvu.

Mama wa Pasiansi:

Habari zenu. Mimi ni mzazi wa mmoja wa wale 15 waliokimbia, kwa hiyo niseme kilichomkimbiza.

Binti yangu ana miaka 13. Anachora kwa kidole kwenye simu yangu mpaka chaji inaisha nikiwa kwenye daladala. Alipenda mwenyewe, hakuna aliyemtuma. Nilivyosikia kuna darasa nikafurahi, nikamtoa Jumamosi tatu mfululizo, nauli kwenda na kurudi. Jumamosi ya tatu nikaomba kuona daftari. Mayai! Ukurasa wa kwanza mayai, wa pili mayai, wa tatu mayai yamepigwa msalaba. Nikauliza hiki nini, akasema mwalimu kasema ni vichwa. Jumamosi ya nne akasema tumbo linauma. Ya tano akasema tumbo linauma. Nikaelewa.

Wewe mwalimu unasema mtoto akijua mtu atajua katuni. Labda. Lakini mtoto aliyeacha kuchora hatajua chochote kati ya hivyo viwili. Mimi najua kupika kwa sababu mama aliniachia kwanza nikaange maandazi, nikayachoma, nikayala. Hakunianzisha kwa kupima unga.

Kijana wa Vibonzo, Nyegezi:

Mama hapo juu nakuunga mkono, na mleta mada nakuunga mkono nusu.

Nachora wahusika kwa oda: matangazo, vitabu vya watoto, zawadi za harusi. Nilianza kwa kukopi, sioni haya kusema. Tezuka uliyemtaja alisomea udaktari kweli, lakini kabla ya hapo utotoni alikuwa mpenzi mkubwa wa katuni za Marekani, za akina Walt Disney, na yale macho makubwa yametoka huko. Kwa hiyo hicho tunachokiita cha Kijapani nacho kilianza kwa kuiga. Kukopi kunaharibu pale unapokopi picha moja. Chukua mhusika mmoja umpendaye, mchore akiwa amekaa, anakimbia, kageuza mgongo, analia, mchore na kisigino chake. Ukifika mahali picha ya kukopi haipo, hapo utalazimika kumtazama mtu. Mimi nilimtazama kaka yangu amelala kwenye kochi. Hakuna modo mwenye subira kama aliyelala.

Nina vitu viwili ninavyovitumia kila siku. Nikimaliza mhusika namjaza wino mweusi wote, abaki kivuli. Kama kwenye kile kivuli sioni ni nani na anafanya nini, mkao ni mbovu, hata sura iwe nzuri vipi. Ndiyo maana mikono ya mfukoni ni sumu: kwenye kivuli inapotea. Cha pili, naugeuza mchoro, nauangalia kwa nyuma nikiuinua kwenye mwanga wa dirisha, au kwenye kioo. Jicho lililopanda na taya lililokwenda upande, ambavyo nilivizoea, vinanirukia hapo hapo.

Na kuna jambo mleta mada hukuligusa, kwangu ndilo kubwa kuliko hata vichwa saba na nusu. Masomo mengi tunayoyapata mtandaoni yanafundisha ngozi nyeupe: unaacha karatasi kama ilivyo, unapaka kivuli upande mmoja, kwisha. Ukimchora bibi yako hivyo, anatoka kama kapakwa masizi. Ngozi yetu umbo unalisoma zaidi kwenye mng'ao: paji la uso, mfupa wa shavu, ncha ya pua, mdomo wa chini. Nilihangaika mwaka mzima mpaka nilipochana bahasha ya kaki. Ile kaki yenyewe ndiyo ikawa ngozi. Penseli nyeusi nikaiweka kwenye kivuli tu, chini ya taya na pembeni ya pua, halafu chaki nyeupe kidogo sana mahali panapong'aa. Bibi akatokea. Wale watoto wakichora wenzao wote wana ngozi ya karatasi, sidhani kama ni kwa kupenda. Hakuna aliyewaonyesha njia nyingine.

Darasani kwenu ningegawa saa mbili: ya kwanza katuni wanayoitaka wenyewe, ya pili nje na kalamu ya wino.

Msafiri wa Kisesa:

Mnabishana Mwaloni na Bujora, makumbusho ya Wasukuma, iko hapa! Wapelekeni wakachore wacheza ngoma ya bugobogobo majembe yakiwa hewani. Msimu wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Kisukuma, mwezi wa sita, makundi ya Bagika na Bagalu yakishindana, mtoto atapata mikao ya mwaka mzima kwa siku moja. Hayo mambo ya Japani yatajiondokea yenyewe.

Kijana wa Vibonzo, Nyegezi:

Hayatajiondokea, na sioni kwa nini yaondoke. Mtoto anaweza kumchora mcheza ngoma wa Kisukuma mwenye macho makubwa na jembe kubwa kuliko mwili, mbona itapendeza. Kwa mikao lakini nakubali, nitakwenda na mimi.

Mleta mada:

Mama wa Pasiansi, yale mayai nilifundisha mimi, usimlaumu mwingine. Nilikuwa nimejiandaa kukujibu kwa ukali kidogo, nikarudia kusoma hapo kwenye tumbo la Jumamosi ya nne, nikaacha. Jumamosi tatu za mayai ni nyingi. Pale Mwaloni hakuna aliyelalamika tumbo.

Kwa hiyo nasogea, lakini sihami. Kugawa saa kama kijana wa Nyegezi alivyosema, nakubali. Kuanza muhula mzima kwa kufuatisha katuni za simu, hapana. Na kwenye ile saa ya katuni nitaweka sharti moja: mhusika awe mtu unayemjua. Kondakta wa daladala yenu, babu, muuza miwa. Mchukue umkuze kile kinachomfanya awe yeye, kama ni shingo ndefu iwe ndefu zaidi. Bahasha za kaki nitazitafuta.

Mama Samaki:

Samahanini, nimeletewa hii na mwanangu, nikasema ngoja na mimi niandike.

Kwani hapo Mwaloni nani aliwapa ruhusa? Mnakuja na madaftari yenu, mnasimama pale kwenye maji machafu mnatukodolea macho, sisi tuko kazini na jasho. Tukauliza mnaandika nini, wengine tukadhani ni watu wa ushuru. Mwenzangu alificha mzani. Kuna kijana wenu mmoja alikaa mbele ya meza yangu naparua sato, anachora, hata salamu hakuna. Nikamnyang'anya daftari nione. Kanichora kama kiboko! Kichwa kimekaa juu ya mabega hivi hivi.

Mleta mada:

Shikamoo mama. Tumekosea, na kosa ni la sisi wakubwa. Kuanzia sasa ni salamu kwanza, kisha kuomba, kisha kumwonyesha mtu mchoro wake akitaka kuuona, na asiyetaka kuchorwa aachwe. Huyo kijana nitakuja naye mwenyewe akuombe radhi.

Mama Samaki:

Marahaba.

Ila mkono aliupatia. Nilitaka kuchana ile karatasi nikauona mkono. Kile kidole gumba changu kilichopinda, nilikatwa na kisu zamani, kakiweka. Na samaki nilivyomshika mkiani asiteleze, ni mimi kabisa. Hata mume wangu angejua.

Aje nao huo mchoro. Aje mapema kabla jua halijawa kali, boti zikishafika sina muda. Na mwambieni nina shingo.