MJADALA: Nani kazifukuza meli za makontena Cuba, Marekani au Havana wenyewe?

Mleta mada:
Wakuu salama? Jana kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa, na wala haikuwa Simba na Yanga, ni Cuba. Jamaa mmoja anasema kile kisiwa kimekimbiwa na meli za makontena sababu ya vikwazo vya Marekani basi, mwingine anasema hamna, serikali yao imejimaliza yenyewe halafu inamsingizia jirani. Mimi nashinda bandarini Dar natoa mizigo ya watu, siasa siziwezi, ila kontena nalijua, na niko upande wa huyu wa pili.

Cuba ilikuwa na meli bana. Shirika lao la Mambisa miaka ya 80 lilikuwa linatuma meli kila kona, sukari inaenda kwa Wasovieti, mafuta na mashine zinarudi, hakuna anayeuliza faida. Usovieti ulipovunjika 1991 ndo ikajulikana nani alikuwa analipa bili. 1989 waliagiza bidhaa za kama dola bilioni 8, kufika 1993 zimebaki kama bilioni 2. Robo! Hapo hata uwe na meli mia utabeba nini.

Halafu ikaja bandari ya Mariel, kilomita 45 hivi magharibi ya Havana, palepale walipoondokea watu kama laki 1 na elfu 25 mwaka 1980 kukimbilia Florida. Ile bandari ya zamani ya Havana ina balaa lake, mlangoni chini ya maji kuna handaki la magari la tangu 1958, kina huwezi kuongeza, meli kubwa haipiti. Kwa hiyo wakahamia Mariel, mkopo wa Brazili kama dola milioni 682, kampuni ya Kibrazili ya Odebrecht wakajenga, PSA, kampuni ya bandari ya Singapore, wakapewa kuendesha, 27 Januari 2014 marais Raúl Castro wa Cuba na Dilma Rousseff wa Brazili wakafungua. Gati la mita 700, uwezo zaidi ya makontena laki 8 kwa mwaka ukihesabu ya futi 20. Hesabu yao ilikuwa mfereji wa Panama ukishapanuliwa (ukafunguliwa kweli 2016) meli kubwa zishushe hapo, meli ndogo zisambaze visiwani na Marekani.

Haijawahi kukaribia hiyo laki 8. Na 2018 deni la Brazili likaanza kuwashinda.

Mimi jibu naliona kwenye kontena tupu. Ukiligonga linalia kama debe, lakini melini linakula nafasi ileile ya kontena lililojaa, na kreni lazima ilinyanyue, sasa nani analipa? Sisi Dar tunaagiza kuliko tunavyouza, ila walau kuna shaba ya Kongo na Zambia, kuna ufuta, kuna mbaazi. Cuba wanapakia nini? Walikuwa wanatoa sukari tani milioni 8 kwa mwaka, sasa hivi hata milioni moja haifiki, wananunua ya nje! Ramu na sigara zao zile nene hazijazi meli. Muagizaji mkuu ni serikali, na serikali yenyewe hailipi kwa wakati. Vikwazo gani hapo vilikataza watu kulima miwa?

Mzee wa Gati:
Bandari unaijua ila kuna sheria umeiruka, sijui makusudi. 1992 Marekani walipitisha kwamba meli ikishaingia Cuba kibiashara, siku 180 hairuhusiwi kupakia wala kushusha bandari yoyote ya Marekani. Miezi 6 mkuu! Meli ya makontena ni kama daladala, inakula vichwa kituo kwa kituo. Uwe na gari ya Ubungo Mbezi uambiwe ukishusha Kimara basi Mbezi huingii miezi sita, utasimama Kimara wewe? Ndo maana mzigo wa kusambaza ukaenda bandari za jirani, Kingston ya Jamaika, Freeport ya Bahamas na Caucedo ya Jamhuri ya Dominika, hayo mambo ya miwa hayamo. Obama alipolegeza mwishoni mwa 2014 watu wakaanza kupiga mahesabu, Trump akaja akakaza, 2019 akaruhusu kampuni zishtakiwe kwa kutumia mali zilizotaifishwa na Fidel Castro, Januari 2021 Cuba ikarudishwa kwenye orodha ya wafadhili wa ugaidi, na benki zikisikia neno hilo zinakimbia. Umoja wa Mataifa wanapiga kura kupinga vikwazo kila mwaka, 2023 ilikuwa 187 kwa 2.

Binti Tanga:
Samahani mzee, mbona nasikia kuku wanaoliwa Cuba wanatoka hukohuko Marekani?

Mzee wa Gati:
Ni kweli mwanangu. Mwishoni mwa 2001, baada ya kimbunga Michelle, chakula cha Marekani kikaanza kwenda, kampuni ya meli ya Kimarekani ya Crowley ikawa inapeleka makontena ya baridi toka Port Everglades, Florida, mapaja ya kuku yaliyogandishwa. Ila hela mbele, kukopesha ni marufuku. Na makontena yanarudi matupu kwa sababu Mcuba haruhusiwi kumuuzia Mmarekani, ukitoa vitu vichache sana. Haya mleta mada, hilo debe lako linalolia, nani kalikatalia mzigo?

Mleta mada:
Mzee umenibana, siku 180 nakubali, ile ndoto ya kuhamishia mizigo Mariel waliiua Wamarekani na hapo sibishi tena. Ila nilikuwa nasema meli zinazoleta mzigo wa Cuba yenyewe, toka Ulaya, China, Kanada, huko hakuna aliyewakataza kuuza. Nikeli ya Moa, mashariki ya Cuba, imeenda Kanada miaka mingi na ilikuwa inalipa. 2021 ndo wameruhusu watu binafsi wafungue kampuni ndogo, na hao hao wakaanza kuvuta makontena ya mafuta ya kupikia, kuku na bia, kumbe wanunuzi walikuwepo! Miaka sitini mlikuwa mnangoja nini?

Na hivyo vitu vichache unavyosema mzee, unajua kimojawapo ni nini? Januari 2017 uliingia Marekani mzigo wa kwanza halali toka Cuba baada ya zaidi ya miaka 50, tani 40 za mkaa. Mkaa wa kuchomea nyama! Unachomwa kwa mti unaitwa marabú, kichaka cha miba kibaya sana, panga linaruka, na kimeota wapi? Kwenye mashamba ya miwa yaliyotelekezwa.

Mzee wa Gati:
Hahaha. Na hiyo ruhusa ya kuingiza mkaa alitoa nani?